Kupata na Kupoteza Viti: Historia Fupi ya Msamiati wa Uchaguzi wa Madiwani

Kila ufikapo mwezi Mei, vyumba vya habari na ofisi za tafsiri hupokea matokeo ya uchaguzi wa mabaraza ya miji na wilaya huko Uingereza, na kila mara watafsiri wetu hukutana na sentensi ile ile: chama fulani kimepoteza viti kadhaa, na chama kingine kimepata viti kadhaa. Maneno ni mepesi wala hayahitaji kamusi. Lakini wepesi huo ndio uliotusukuma kuandika makala haya, kwa sababu nyuma ya maneno hayo mawili pana hesabu, na nyuma ya hesabu hiyo pana historia, ambayo mfasiri asipoijua ataandika Kiswahili sanifu chenye habari isiyo ya kweli.

Tuchukue uchaguzi wa tarehe 2 Mei, 2019. Siku hiyo chama cha Conservative, ambacho ndicho kilichokuwa kikitawala Uingereza, kilipoteza viti 1,330 katika mabaraza ya England. Asikiaye hivyo ataandika pasipo kusita kwamba chama hicho kilishindwa na wapinzani wake wakashinda. Ukweli ni kwamba Conservative kilitoka katika uchaguzi huo na madiwani zaidi ya 3,500, ilhali Labour, chama kikuu cha upinzani, kilipata madiwani wapatao 2,000 tu, nacho pia kilipungukiwa na viti zaidi ya 80. Waliosherehekea ni chama cha tatu, Liberal Democrats, kilichoongeza viti zaidi ya 700. Na hata baada ya nyongeza hiyo madiwani wake walikuwa wachache kuliko wa Labour. Hapa mwenye viti vingi ndiye aliyeomboleza, na mwenye viti vichache ndiye aliyepiga vigelegele.

Ufumbuzi wa kitendawili hiki umo katika neno "kupoteza" lenyewe. Kwa Kiswahili mtu hapotezi asichokuwa nacho. Anayesema chama kimepoteza viti 1,330 anapima matokeo ya leo kwa matokeo ya uchaguzi uliopita wa viti vile vile. Viti vilivyoshindaniwa mwaka 2019 vilikuwa vimeshindaniwa mara ya mwisho, kwa sehemu kubwa, mwaka 2015, siku moja na uchaguzi mkuu ambao Conservative kiliibuka na ushindi wa taifa zima. Kwa hiyo kilianza kikiwa juu sana mlimani, na aliye juu ndiye mwenye nafasi kubwa ya kuteremka. Isitoshe, wapiga kura wa mwaka 2019 walikuwa na hasira kuhusu Uingereza kujitoa katika Umoja wa Ulaya, jambo lililokuwa limeahidiwa kukamilika tarehe 29 Machi na halikukamilika. Diwani anayeshughulikia takataka na taa za barabarani hakuwa na kauli yoyote katika suala hilo. Hata hivyo ndiye aliyeadhibiwa. Kadhalika mwaka 1995 chama hicho hicho, kikiwa madarakani kwa mwaka wa kumi na sita, kilipoteza viti karibu 2,000 kwa siku moja.

Tabu ya mfasiri ni kubwa zaidi kwa neno "kupata". Tukiandika kwamba chama kimepata viti 700, msomaji wetu ataelewa, na ana haki ya kuelewa, kwamba jumla ya viti vyake ni 700. Ilhali taarifa asilia ilikusudia kusema kwamba viti 700 vimeongezeka juu ya vile kilivyokuwa navyo. Dhana mbili tofauti zimepewa kitenzi kimoja. Hatudhani kwamba Kiswahili ni maskini katika jambo hili. Tunavyo vitenzi vya kutosha, ila tumevizembea.

Ili tuone ni kwa nini Waingereza huhesabu mabadiliko kabla ya kuhesabu jumla, yafaa turudi nyuma hadi mwaka 1835. Kabla ya mwaka huo mabaraza mengi ya miji yao yalikuwa ya watu wachache waliojichagua wenyewe: mmoja akifa, waliobaki walimteua wa kujaza nafasi yake, aghalabu jamaa au rafiki. Sheria ya mwaka huo ilivunja utaratibu huo katika miji 178 ya England na Wales, ikawapa walipa kodi za nyumba haki ya kuchagua madiwani. Diwani alikaa miaka mitatu. Lakini madiwani wote hawakutoka kwa pamoja. Kila mwaka theluthi moja yao walimaliza muda, na uchaguzi ukafanywa kwa theluthi hiyo peke yake. Maana yake ni kwamba hapakuwa na mwaka ambao wananchi waliweza kuligeuza baraza zima kwa siku moja. Waliweza kulisogeza tu. Katika mazingira kama hayo habari iliyokuwa na maana asubuhi ya baada ya uchaguzi haikuwa idadi ya viti vyote, kwa kuwa viti viwili katika kila vitatu havikuguswa. Habari ilikuwa ni kusogea: nani kaongezeka, nani kapungua. Desturi hiyo ya kuhesabu imedumu, na hata sasa yapo mabaraza huko England yachaguayo theluthi yao kwa zamu, ingawa mengi huchagua wote mara moja baada ya miaka minne.

Sheria hiyo ya 1835 ilikuwa na kifungu kingine kilichowatesa wapiga kura kwa miaka mia moja na zaidi, na ambacho kimewatesa watafsiri pia. Madiwani waliochaguliwa na wananchi waliruhusiwa kuchagua wao wenyewe wajumbe wengine, idadi yao theluthi ya madiwani, ambao walikaa miaka sita. Wajumbe hawa tuwaiteje? Wako waliopendekeza "wazee wa baraza", kwa kuwa jina la Kiingereza lina asili ya uzee. Hatuliafiki pendekezo hilo hata kidogo. Wazee wa baraza katika nchi yetu wanajulikana: ni wale wanaokaa pamoja na hakimu mahakamani na kutoa maoni yao. Kumpa mwanasiasa wa Liverpool jina hilo ni kumtia msomaji gizani. Afadhali kusema kwa urefu, "wajumbe waliochaguliwa na baraza", kuliko kusema kwa ufupi na kudanganya.

Umuhimu wa wajumbe hao ulionekana wazi London mwaka 1949. Baraza la jimbo la London, lililochaguliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1889, lilikuwa mikononi mwa Labour tangu mwaka 1934, chama hicho kilipolitwaa kikiongozwa na Herbert Morrison. Katika uchaguzi wa 1949 Labour kilipata madiwani 64, Conservative 64, na Liberal mmoja. Kwa hesabu ya viti vilivyopigiwa kura hapakuwa na mshindi. Lakini Labour kilikuwa na wajumbe wake waliochaguliwa na baraza katika miaka ya nyuma, na kwa nguvu yao kikaendelea kutawala. Mtu aliyetafsiri habari ile kwa kusema tu kwamba vyama vililingana, asieleze kingine, alimwacha msomaji akishangaa ni vipi basi mmoja alibaki ndani na mwingine nje. Wajumbe wa aina hiyo waliondolewa na sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1972, iliyoanza kutumika mwaka 1974, ingawa London ilichelewa kwa miaka michache.

Hapa tuingize neno kuhusu "kura", kwa sababu historia yake ni ya kupendeza. Neno hili tumelipokea kutoka Kiarabu, nalo asili yake si kuchagua bali ni kubahatisha: kura ni kijiti, kipande au alama ichomolewayo ili bahati, au Mungu, aamue. Watafsiri wa Biblia walilitumia kwa maana hiyo katika habari ya Yona na wale mabaharia, na wazee wetu walilitumia katika kugawana mirathi na mashamba. Utaratibu wa uchaguzi ulipokuja, neno lilihamishwa likatumika kwa karatasi ambayo mtu anaiandika kwa hiari yake na akili zake. Kwa maneno mengine neno lililotaja bahati likaja kutaja kinyume chake. Pengine ni ile karatasi iliyokunjwa na kutumbukizwa ndani ya chombo iliyofanya mambo hayo mawili yafanane machoni. Tukumbuke pia kwamba huko Uingereza kwenyewe usiri huo si wa tangu zamani: chini ya sheria ya 1835 mpiga kura wa mjini alikabidhi karatasi yenye sahihi yake, na kura ya siri ilikuja kwa sheria ya mwaka 1872.

Basi wenzetu walioona ila katika neno hili, wakisema kwamba halifai kwa tendo zito kama uchaguzi, na wasikilize habari ya Northumberland. Mwezi Mei 2017 baraza la jimbo hilo la kaskazini lilikuwa na viti 67, na Conservative kilihitaji viti 34 ili kiwe na wingi. Kilikuwa kimepata 33. Ikabaki kata moja, South Blyth, ambako mgombea wa Conservative na yule wa Liberal Democrats walipata kura 356 kila mmoja. Kura zilihesabiwa upya, zikalingana. Sheria ya Uingereza yasema kwamba katika hali hiyo msimamizi ataamua kwa bahati nasibu, na msimamizi akaamua wagombea wachomoe vijiti. Wa Liberal Democrats akachomoa kijiti kirefu. Kwa hiyo utawala wa jimbo zima ulikosekana kwa kijiti, na siku hiyo kura ya pili ilikuwa kura kwa maana ya babu zetu. Hatuoni lugha nyingine ambamo habari hii ingeweza kusimuliwa vizuri kama katika Kiswahili: walipiga kura, kura zikalingana, wakapiga kura.

Tuendelee na kata. Sehemu nyingi za England kata moja huchagua madiwani watatu, na mpiga kura huweza kuwachagua wote watatu. Wengi huchagua watatu wa chama kimoja. Matokeo yake ni kwamba chama kinachopendwa na watu wachache zaidi kidogo tu kuliko wenzake hutwaa viti vyote vitatu, na kikipendwa hivyo katika kila kata, hutwaa baraza zima. Viti huja kwa mafungu na huondoka kwa mafungu. Huko Barking and Dagenham, mashariki ya London, chama cha mrengo mkali wa kulia cha BNP kilipata viti 12 mwaka 2006, habari iliyowashtua wengi. Miaka minne baadaye, mwaka 2010, kilipoteza vyote 12, na Labour kikachukua viti vyote 51 vya baraza. Mtu angedhani wakazi walikuwa wamehama na wengine kuingia. La hasha. Mwaka 2010 uchaguzi wa madiwani ulifanywa siku moja na uchaguzi mkuu, watu wengi zaidi walikwenda vituoni, na mfumo wenyewe ukakuza tofauti hiyo kama kioo kikuzavyo maandishi.

Scotland ilitoa mfano wa aina nyingine, nao ni mfano ambao tungependa walimu wa uraia wautumie. Mwaka 2003 katika mji wa Glasgow, Labour kilipata viti 71 katika 79, ingawa waliokipigia kura hawakufikia nusu ya wapiga kura. Kisha sheria ya mwaka 2004 ikabadili utaratibu. Kuanzia uchaguzi wa mwaka 2007 mpiga kura wa Scotland huwapanga wagombea kwa tarakimu, wa kwanza, wa pili, wa tatu, na viti hugawanywa kwa kadiri ya kura. Mwaka huo Labour kikabaki na viti 45, na Scottish National Party kikawa na 22. Je, Labour kilipoteza viti 26? Kwa hesabu ya kutoa, ndiyo. Lakini kwa sehemu kubwa viti hivyo havikuchukuliwa na wapiga kura waliobadili nia. Vilichukuliwa na kanuni mpya ya kugawa. Mfasiri mwangalifu angeandika kwamba viti vya Labour vilipungua kutoka 71 hadi 45 baada ya utaratibu wa uchaguzi kubadilishwa, na hapo angekuwa amesema yote.

Sasa tugeukie kwetu. Neno "diwani" lilikuwapo pwani kabla ya uchaguzi wowote. Limetoka Kiajemi kupitia Kiarabu, likiwa na maana ya daftari, ofisi na baraza. Ndiyo sababu hata mkusanyo wa mashairi ya mtu mmoja twauita diwani. Katika Mrima, na huko Vumba Kuu, diwani alikuwa mtawala, mwenye heshima ya siwa na kilemba. Cheo hicho hakikushindaniwa kwa kura. Serikali za mitaa za namna ya Kiingereza zilipoanza kutengenezwa Tanganyika, hasa baada ya sheria ya mwaka 1953, neno hilo la kitawala likashushwa, au tuseme likapandishwa, likawa jina la mtu anayetumwa na kata yake. Nchini Kenya madiwani walikuwapo hadi mwaka 2013. Baada ya katiba ya mwaka 2010 mabaraza ya zamani yaliondolewa, zikaundwa kaunti 47 zenye wadi 1,450, na anayechaguliwa huko huitwa mwakilishi wa wadi. Neno "kata" huko lilikuwa limezoeleka kwa eneo la chifu, na kwa hiyo lisingeweza kubebeshwa mzigo wa pili. Mfasiri wa Dar es Salaam na wa Nairobi hawana budi kuvumiliana katika hili.

Jambo linalosahauliwa ni kwamba kwa muda mrefu Watanzania hatukuhitaji kabisa sentensi isemayo kwamba chama kimepoteza kiti. Kati ya mwaka 1965 na 1992 aliyepoteza kiti alikuwa mtu. Katika uchaguzi wa wabunge wa mwaka 1965 wagombea wawili wa TANU walisimama, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba, na waziri wa fedha, Paul Bomani, alipoteza kiti chake. TANU hakikupoteza chochote, maana aliyemshinda alikuwa mwana-TANU mwenzake. Halmashauri za wilaya nazo zilivunjwa mwaka 1972 wakati wa Madaraka Mikoani, zikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982 na kuanza kazi tena mwaka 1984, zote chini ya chama kimoja. Kwa hiyo ulipofika uchaguzi wa serikali za mitaa wa mwaka 1994, wa kwanza tangu vyama vingi virejeshwe mwaka 1992, kitenzi "kupoteza" kilipata mtenda mpya. Na swali la hesabu likaja pamoja nacho: je, CCM kiliweza kupoteza kiti ambacho hakikuwahi kushindania na chama kingine? Waandishi walisema ndiyo, na nadhari hiyo ilikuwa sahihi, kwa sababu kiti kilikuwa chake siku moja kabla.

Tofauti kubwa kati ya huku na Uingereza ipo katika diwani ahamaye chama. Huko England diwani akihama hubaki na kiti chake, na chama alichokihama hupungukiwa bila kura kupigwa. Kwetu diwani lazima adhaminiwe na chama, na akikihama chama hicho kiti huwa wazi, nao uchaguzi mdogo huitishwa. Mwezi Novemba 2017 uchaguzi mdogo wa madiwani ulifanywa katika kata 43 za Tanzania Bara, ambazo viti vyake vilikuwa wazi kwa sababu mbalimbali, zikiwamo vifo na kuhama vyama. CCM kilishinda katika kata 42 na Chadema katika moja. Magazeti yalisema CCM kimepata viti 42. Hiyo ni sahihi kama jumla ya ushindi, lakini haimwelezi msomaji ni vingapi kati ya hivyo vilikuwa vya CCM tangu awali na ni vingapi vilitoka kwa wapinzani. Na katika mwaka ule wa malumbano makali juu ya madiwani waliohama, hilo ndilo hasa msomaji alilotaka kulijua.

Kwa hiyo twapendekeza vitenzi vigawanywe kazi. "Kupata" kibaki kwa jumla: chama kimepata viti 57. "Kuongeza" na "kupungukiwa na" vitumike kwa tofauti kati ya uchaguzi wa jana na wa leo. Kiti kimoja kikihama kutoka chama hadi chama, wa kwanza amekipoteza na wa pili amekitwaa. Na kikibaki palipokuwa, chama kimekitetea. "Kunyakua", ambacho waandishi wa habari hukipenda mno, kina harufu ya mwewe na kifaranga, na hakifai katika taarifa rasmi. Baraza ambalo hakuna chama kilichovuka nusu ya viti tuliite "baraza lisilo na chama chenye wingi". Ni refu, lakini tumelijaribu kwa wanafunzi wa tafsiri na hakuna aliyelielewa vibaya. Wako waliowahi kuliita "baraza lililoning'inia". Tunawaomba waliache lining'inie huko huko lilikotoka.

Lililobaki ni mwaka wa kulinganishia. Vyombo vya habari vya Uingereza havitumii kipimo kimoja daima: vingine hupima kuanzia uchaguzi uliopita, vingine kuanzia mkesha wa uchaguzi, baada ya kuhesabu waliohama na viti vilivyojazwa katikati, na mipaka ya kata ikibadilishwa hukadiriwa kwanza ni nani angekuwa na kiti kipi. Ndiyo sababu takwimu mbili za siku moja huweza kutofautiana pasipo mmoja kusema uongo. Tarehe 1 Mei, 2025 chama cha Reform UK kilipata viti 677 na kutwaa utawala wa mabaraza kumi. Katika jimbo la Kent habari ile twapendekeza iandikwe hivi: Reform UK, ambacho hakikupata kiti chochote katika uchaguzi wa 2021, kimepata viti 57 kati ya 81, Conservative, kilichopata zaidi ya 60 mwaka huo, kimebaki na vitano.